Grafu imelala bapa, wateja wanalalamika: kugundua msongamano wa data ya simu kwa kuangalia trafiki

Swali. Msomaji anayefanya kazi katika kitengo cha uendeshaji wa mtandao wa kampuni ya simu anauliza: "Kila siku kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, wateja wa eneo moja la makazi wanapiga simu kulalamika kuwa intaneti inakwama. Nikifungua grafu ya trafiki ya eneo hilo sioni hatari: inapanda jioni, kisha inalala bapa. Timu ya redio ina mifumo yake ambayo mimi sina ruhusa ya kuingia. Nilicho nacho ni nakala ya trafiki inayopita kati ya lango letu la PGW, yaani mlango wa kutokea mtandao wetu, na intaneti. Je, kwa trafiki hiyo tu naweza kujua kama seli, yaani sehemu ya mnara inayohudumia eneo hilo, imejaa, na nikaitofautisha hali hiyo na matatizo mengine?"

Jibu. Ndiyo, ndugu yangu, unaweza. Na huo mstari bapa unaouona kama dalili ya amani ndio ushahidi wako wa kwanza. Matumizi ya watu hayana tabia ya kunyooka kama rula. Mmoja anafungua video, mwingine anazima simu, wa tatu anapakua picha za kikundi cha familia. Jumla yake hupanda na kushuka kila dakika. Grafu ikinyooka kwa saa tatu mfululizo, kuna kitu kinaikata juu, na unachokiona hapo ni uwezo wa njia, si mahitaji ya watu.

Simama kwenye taa za barabarani uhesabu magari yanayovuka kila zinapowaka kijani. Nyuma ya taa pawe na magari 50 au 500, yatakayovuka ni yaleyale. Ukitaka kujua ukubwa wa foleni, muulize dereva amesubiri muda gani. Kwenye data ya simu ni hivyohivyo: wingi wa data hukuambia kilichopita tu, msongamano umo katika kusubiri. Kazi yako basi ni kupima kusubiri huko kwa kila seli, na kuhakikisha unachopima ni foleni ya seli kweli, maana viko vitu kadhaa vinavyofanana nayo sana.

Kengele ya Mbps haitakusaidia

Wengi huanza kwa kuweka kizingiti: seli ikifika Mbps 40, tuma onyo. Uwezo wa seli ungekuwa namba moja isiyobadilika, hilo lingetosha. Lakini haiko hivyo.

Seli ya LTE (4G) yenye upana wa MHz 20 hugawa masafa yake katika vipande 100 vinavyoitwa PRB, kila kimoja kHz 180, na mnara huvigawa upya kwa simu kila milisekunde 1. Katika kipande kimoja kwa milisekunde moja mna nafasi 168 za kubebea alama. Kwenye seli ya antena 2, ukitoa nafasi za ishara za uongozi na za rejea, hubaki kama 120 kwa ajili ya data pale uongozi unapochukua vipindi vidogo 3 vya mwanzo vya milisekunde hiyo. Sasa nafasi moja hubeba biti ngapi? Inategemea simu iko wapi. Iliyo jirani na mnara, inayoripoti ubora wa CQI 15, hubebewa biti 5.55 kwa nafasi. Iliyo chumba cha ndani kwenye nyumba ya zege, inayoripoti CQI 3, hubebewa biti 0.38 tu. Vipande 100 mara nafasi 120 mara 1000 kwa sekunde ni nafasi milioni 12. Simu zote zikiwa CQI 15, mkondo mmoja wa antena unatoa takriban Mbps 66. Zote zikiwa CQI 3, unatoa Mbps 4.5. Vifaa ni vilevile, na mara zote mbili seli imejaa pomoni.

Ndiyo maana jioni ni kipindi kibaya maradufu. Watu wameongezeka, na papo hapo wengi wao wameingia ndani ya kuta. Mahitaji yanapanda na dari linashuka.

Hodi, karibu, nimeingia

Kila muunganisho wa TCP, itifaki inayobeba kurasa na mafaili mengi ya intaneti, huanza kwa pakiti tatu. Simu hubisha hodi kwa SYN, seva huitika karibu kwa SYN-ACK, na simu huingia kwa ACK. Wewe umekaa kati ya lango na intaneti, kwa hiyo zote tatu hupita mbele yako. Muda kati ya SYN na SYN-ACK ni safari ya kwenda kwenye seva na kurudi. Muda kati ya SYN-ACK na ACK ni safari ya kwenda kwenye simu na kurudi: lango, mkongo au maikrowevu hadi mnarani, foleni ya mnara, hewa, na simu yenyewe. Huo wa pili ndio unaoutaka. Huhitaji kufungua maudhui ya mtu yeyote, na usimbaji wa kurasa hauzuii kipimo hiki, kwa sababu pakiti hizi hutangulia kabla usimbaji haujaanza.

Faili fupi la majaribio unaweza kulichambua hivi kwa tshark, programu ya kusoma pakiti:

`tshark -r jioni.pcap -Y "tcp.flags.syn==1 or (tcp.seq==1 and tcp.ack==1)" -T fields -e frame.time_epoch -e tcp.stream -e ip.src -e ip.dst -e tcp.flags`

Kwa kila namba ya muunganisho, chukua SYN-ACK ya kwanza na pakiti ya kwanza inayotoka kwenye simu baada yake. Tofauti ya muda ndiyo kipimo chako.

Kwenye LTE isiyo na mzigo, upande wa simu kwa kawaida huchukua milisekunde 30 hadi 60. Usitumie msingi mmoja kwa mtandao mzima. Mnara unaofikiwa kwa kuruka maikrowevu tano hauwezi kulinganishwa na ulio jirani na kituo cha mkongo. Kwa kila seli, kusanya vipimo vya kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri kwa siku 7, kisha chukua persentaili ya 10, yaani thamani ambayo kipimo kimoja tu kati ya kumi kiko chini yake. Hiyo ndiyo seli ikiwa tupu. Kinachozidi hapo ndicho ucheleweshaji wa ziada, na katika kipimo hiki usifuatilie kingine.

Usichukue wastani. Kelele za redio huongeza muda tu, hazipunguzi: pakiti ikirudiwa hewani kwenye LTE ya FDD huongeza milisekunde 8 kwa kila mara. Gawa siku katika madirisha ya dakika 5. Ndani ya kila dirisha, kwa kila simu chukua kipimo chake kidogo kuliko vyote, halafu uchukue mediani, yaani thamani ya katikati, ya simu zote za seli. Foleni ya kupita husafishika ndani ya dakika 5. Ikiwa hata kipimo bora cha simu hakishuki, foleni hiyo imekaa. Kathleen Nichols na Van Jacobson walitumia wazo hilohilo mwaka 2012 walipotengeneza CoDel, mbinu ya kudhibiti foleni za rauta. Linafaa hapa kama lilivyofaa kule.

Mahali vipimo hivi vinapodanganya

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza, simu inayojisonga yenyewe. Foleni ya mnara wa LTE si moja kwa wote. Kila simu ina foleni yake, na mara nyingi ni ndefu sana. Mtu akipakua filamu, foleni yake mwenyewe hujaa na muda wake hupanda hadi milisekunde 500 au zaidi, hata kama jirani zake wanapeta. Ukihesabu hodi zake utasema seli imejaa kumbe ni yeye tu. Dawa yake: hesabu hodi za simu ambazo katika sekunde 2 zilizotangulia zimepokea chini ya KB 50. Ukiona simu nyepesi nyingi za seli moja zinachelewa kwa wakati mmoja, hilo si la mtu mmoja tena.

Hata hivyo, mgawaji zamu wa mnara mara nyingi humpendelea aliyepata kidogo katika muda mfupi uliotangulia. Hivyo simu nyepesi hulindwa kiasi, na ucheleweshaji wao hupanda kwa aibu. Milisekunde 40 za ziada kwa simu nyepesi ni habari nzito kuliko milisekunde 400 kwa anayepakua filamu. Usidharau namba ndogo hapa.

Pili, karibu inayorudiwa. Seva isipopata ACK hurudia SYN-ACK, kwa kawaida baada ya sekunde 1. Mwongozo wa kawaida unasema utupe vipimo vya pakiti zilizorudiwa kwa kuwa hujui ACK ni ya ipi. Ukifanya hivyo hapa, unatupa wagonjwa mahututi na kubakiza wazima, kisha unasema hospitali haina wagonjwa. Pima kuanzia SYN-ACK ya kwanza, uziwekee alama, na ufuatilie asilimia yake peke yake. Seli ambayo SYN-ACK zinazorudiwa zimetoka chini ya 1 kwa 100 na kufika 8 kwa 100 haihitaji ushahidi mwingi zaidi.

Tatu, usingizi wa simu. Ili kutunza betri, simu iliyounganishwa husinzia kwa vipindi vya makumi au mamia ya milisekunde ikiona kimya. Seva ikiwa Ulaya, karibu yake hurudi baada ya zaidi ya milisekunde 100 na huenda ikakuta simu imeshasinzia. Kwa hiyo tumia hodi zilizojibiwa na seva ndani ya milisekunde 60 tu, yaani seva za kache zilizo ndani ya mtandao wenu au nchini. Zitatosha, maana sehemu kubwa ya video na picha huhudumiwa huko.

Nne, proksi. Baadhi ya mitandao huweka kifaa cha kuharakisha TCP kati ya PGW na intaneti. Kikiwa upande wa simu kuliko pale unaponakili, kinaitika badala ya simu. Utaona milisekunde 1 au 2 kwa simu zote usiku na mchana. Hakuna simu ya LTE inayojibu kwa milisekunde 1. Ukiona hivyo, sogeza pa kunakilia. Kadhalika hakikisha uko upande wa ndani wa kifaa cha NAT, kile kinachowapa wateja wengi anwani moja ya nje. Ukiwa nje, maelfu ya wateja wataonekana kama anwani moja na hutaweza kuwagawa kwa seli.

Kasi ya anayepakua

Kipimo cha pili ni kasi anayopata mtu anayepakua kitu kikubwa. Chukua mipakuo ya MB 3 na zaidi, tupa MB 1 ya mwanzo, kisha gawanya baiti zilizobaki kwa muda. MB ya mwanzo hutupwa kwa sababu TCP huanza na pakiti 10, karibu KB 15, na kuongeza maradufu kila mzunguko. Mizunguko kama 6 hupita kabla haijafika uwezo wa njia, na ukiihesabu utapima uoga wa TCP badala ya hali ya seli.

Video hujitokeza vizuri zaidi. Kichezeshi huomba kipande cha sekunde kadhaa, hukipokea kwa mkupuo, hukaa kimya, kisha huomba kingine. Kwenye seli yenye nafasi, kipande cha sekunde 5 huingia kwa sekunde 1 na kimya hudumu sekunde 4. Seli inapojaa, mkupuo hurefuka na kimya hufa. Lakini kichezeshi chenyewe nacho huona hali hiyo na kushusha ubora wa picha, hivyo baada ya dakika moja kimya hurudi kana kwamba mambo yametengemaa. Usihesabu kimya peke yake. Pima kasi ndani ya mkupuo.

Faida ya kipimo hiki ni kwamba kinafanya kazi hata kwenye QUIC, itifaki mpya inayochukua nafasi ya TCP kwa kurasa na video nyingi, ambayo hupita UDP poti 443 na kuficha uthibitisho wa kupokea pakiti. Kuna biti moja iliyowekwa katika QUIC kwa ajili ya wapimaji kama sisi, inayogeuka mara moja kila mzunguko, lakini kuitumia ni hiari na seva nyingi haziitumii. Usijenge mfumo juu yake. Tumia hodi za TCP zilizopo, na kwa QUIC pima muda kati ya pakiti ya kwanza ya seva na pakiti ya simu inayofuata.

Utagundua sijataja upotevu wa pakiti kama dalili kuu. Kwenye LTE mnara hurudia pakiti zilizoharibika hewani na foleni zake ni ndefu, hivyo msongamano huonekana kama kuchelewa muda mrefu kabla pakiti haijapotea. Ukisubiri zipotee, wateja watakuwa wameshapiga simu zote.

Kuijua seli

Pakiti unazonakili hazisemi zimetoka seli gani, kwa hiyo unahitaji jedwali la kuunganisha anwani ya simu na seli. Njia rahisi ni rekodi za RADIUS, yaani kumbukumbu za vikao vya wateja, ambazo PGW hutuma: humo mna anwani ya simu pamoja na sifa namba 22 ya 3GPP inayobeba mahali, na namba 21 inayosema ni LTE au 3G. Usichanganye 3G na LTE. Misingi yake ni tofauti mno. Kama RADIUS haipo, tumia nakala ya ujumbe wa GTP-C, ule wa uongozi unaofungua na kubadilisha vikao vya simu, UDP poti 2123.

Namba ya seli ya LTE ina biti 28: 20 za mnara na 8 za seli. Igawe kwa 256. Namba 2621699 inatoa mnara 10241 na baki 3, yaani seli ya 3 ya mnara huo.

Kasoro kubwa ni kwamba mahali panaweza kuwa pamepitwa na wakati. Simu iliyofungua kikao Kariakoo asubuhi inaweza kuonekana bado iko Kariakoo saa mbili usiku ingali iko Mbagala. Omba timu ya kiini cha mtandao iwashe taarifa za mabadiliko ya mahali kwenye PGW, lakini uwaambie mapema kuwa ujumbe wa uongozi utaongezeka. Waanze na eneo lako. La sivyo, tumia simu ambazo mahali pake pamesasishwa ndani ya dakika 30. Na pale mlipowasha 5G inayoegemea LTE, kumbuka rekodi hutaja seli ya LTE hata kama data imepita hewa ya 5G.

Mfano wa jioni moja

Tuchukue seli ya mfano, msingi wake milisekunde 42, madirisha ya dakika 5.

Saa kumi jioni: GB 0.60 zimepita, sawa na Mbps 16. Simu zenye shughuli 45. Ziada ya kusubiri milisekunde 6. Mediani ya kasi ya mipakuo mikubwa Mbps 7.8.

Saa moja usiku: GB 1.25, Mbps 33. Simu 110. Ziada milisekunde 31. Kasi Mbps 3.1.

Saa tatu usiku: GB 1.27, Mbps 34. Simu 170. Ziada milisekunde 88. Kasi Mbps 0.9.

Linganisha saa moja na saa tatu. Wingi wa data umeongezeka chini ya asilimia 2. Kwenye grafu yako ni mstari bapa. Lakini simu zimeongezeka 60, kusubiri kumekaribia mara tatu, na kasi ya mtu mmoja imeshuka chini ya theluthi. Malalamiko ya wateja wako yamo humo.

Kwa kuanzia, itangaze seli kuwa imesongamana pale mambo matatu yanapokutana: ziada ya zaidi ya milisekunde 40 kwa simu nyepesi, kasi ya mipakuo mikubwa chini ya Mbps 2, na wingi wa data kutobadilika kwa zaidi ya asilimia 5 katika madirisha 6 mfululizo. Dirisha lenye simu chini ya 20 liache. Namba hizi ni za kuanzia; baada ya wiki mbili zirekebishe kwa kuzilinganisha na malalamiko halisi.

Vinavyofanana na msongamano wa seli

*Njia ya kwenda mnarani.* Ikijaa, sekta zote tatu za mnara hupanda pamoja, na mara nyingi minara yote iliyoning'inia kwenye maikrowevu hiyo. Seli iliyojaa hupanda peke yake. Hapa upotevu wa pakiti hutokea kweli, kwa sababu foleni za rauta ni fupi. Wakati wa masika angalia pia saa za mvua: maikrowevu hujishusha yenyewe ili isikatike, na ikitoka mtindo wa mawimbi wa 256QAM kwenda QPSK hubeba biti 2 kwa alama badala ya 8, yaani robo ya uwezo wake. Wingi wa data utashuka huku kusubiri kunapanda. Seli iliyojaa haifanyi hivyo: yake hubaki bapa.

*Kasi iliyokatwa na kifurushi.* Mteja aliyemaliza bando la kasi kubwa na kushushwa huonekana kama aliyekwama. Chora mgawanyo wa kasi: ukiona kichuguu chembamba kwenye namba moja kamili, kama kbps 512, huo ni mkono wa sera. Hautofautiani asubuhi na usiku, wala seli na seli. Na kwa kuwa lango hutupa pakiti zinazozidi bila kuziweka foleni, utaona pakiti nyingi zikirudiwa huku muda wa kusubiri ukiwa mdogo. Msongamano wa seli ni kinyume chake: kusubiri kwingi, kurudiwa kuchache. Waondoe wateja hao kabla ya kupiga mediani.

*Mawimbi hafifu.* Simu chache zina muda mbaya saa zote, nyingine ziko salama. Mediani haitikisiki, mkia tu ndio mrefu. Hilo ni suala la kufikiwa na mawimbi, kuongeza uwezo hakutalitibu.

*Upande wa intaneti.* Muda wa SYN hadi SYN-ACK ndio unaopanda, tena kwa mtandao mzima. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilidorora Tanzania na nchi jirani. Hali ya namna hiyo ukiipima kwa wingi wa data tu unaweza kuwatuma mafundi mnarani bure; ukiigawa kwa hodi na karibu, unajua mara moja kwamba simu hadi lango pako sawa.

*Njia ya kupandisha.* Kwenye mikusanyiko, watu wakirusha video moja kwa moja, hujaa njia ya kutoka kwenye simu, na anayepakua huumia pia kwa sababu ACK zake zinakwama. Muda wa kwenda na kurudi hautakuambia ni upande upi. Tumia muhuri wa muda wa TCP: simu huandika saa yake katika kila pakiti, na nyingi za Android huhesabu kwa milisekunde. Ndani ya muunganisho mmoja, toa muhuri huo kwenye saa uliyoiona pakiti. Tofauti yenyewe haina maana, kwa kuwa saa hazilingani, lakini ikiongezeka kwa milisekunde 200 ndani ya sekunde chache, hiyo ni foleni ya kupandisha.

Kunakili bila kujidanganya

Poti ya swichi inayonakili pande zote mbili za kiungo cha Gbps 10 hubeba hadi Gbps 20 kwenye mlango wa Gbps 10. Jioni, wakati hasa unapoihitaji, itatupa pakiti, nawe utaandika kuwa mtandao unapoteza pakiti. Tumia kigawanya mwanga, upande mmoja kwa poti moja ya kadi na wa pili kwa poti nyingine, kadi zote zikiwa kwenye seva moja ili saa iwe moja. Zima kuunganisha pakiti kwenye kadi kwa `ethtool -K eth1 gro off lro off`, la sivyo mihuri ya muda itakuwa ya furushi zima.

Hifadhi vichwa tu. Hapo ulipo, baiti 128 zinatosha: 14 za Ethernet, 4 za VLAN, 40 za IPv6, 60 za TCP ikiwa na nyongeza zote, jumla 118. Ukihamia kiungo cha S1-U, kile cha data kati ya mnara na kiini cha mtandao, GTP pamoja na vichwa vya nje vya IPv4 na UDP huongeza hadi baiti 40, nayo 128 itakata mihuri ya muda, weka 192. Mashine ikielemewa, punguza kwa kuchagua simu, kwa mfano 1 kati ya 8 kwa heshi ya anwani, yaani namba inayokokotolewa kutokana na anwani hiyo. Usichague pakiti kwa bahati nasibu, kwa sababu utabaki na hodi zisizo na karibu.

Namba za wateja zigeuze kwa heshi yenye ufunguo unaobadilika kila siku kabla hazijaandikwa diski. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019. Na kwa kazi hii huhitaji kumjua mtu, unahitaji kujua tu kwamba simu hizi mbili si moja.

Ukiwaendea watu wa redio, usiwapelekee neno "msongamano". Wapelekee namba ya mnara na ya seli, tarehe, dirisha la saa, idadi ya simu, ziada ya kusubiri na mediani ya kasi, kisha waombe mambo mawili ya dirisha hilohilo: asilimia ya PRB zilizotumika na mgawanyo wa CQI. Kaunta zao nyingi hutoka kila dakika 15, kwa hiyo unganisha madirisha yako matatu kabla ya kulinganisha. PRB zikiwa zaidi ya asilimia 80 na CQI za kawaida, seli imezidiwa na watu: waongeze masafa au wagawe mzigo kwa seli jirani. PRB zikiwa asilimia 80 na CQI nyingi ziko chini ya 5, waangalie kwanza mwelekeo na mwinamo wa antena. PRB zikiwa asilimia 35 ilhali vipimo vyako vinasema wateja wanasubiri, rudi kwenye njia ya kwenda mnarani na uombe grafu za maikrowevu.